Nilijua Hesabu ya Breki

Gari la nyumbani kwetu Tabora ni Toyota Mark II, GX100, rangi ya fedha, na mtaa mzima unalijua. Limebeba maharusi, limebeba wagonjwa usiku wa manane, limebeba madumu ya asali kutoka Sikonge mpaka kiti cha nyuma kikawa kinanata. Mimi limenipeleka shule ya bweni, tranka langu likiwa limefungwa kwenye buti kwa kamba ya katani. Baba ni mwalimu wa historia aliyestaafu. Miaka yote aliliendesha kilometa 80 kwa saa, hapandi hapo hata lori limpigie honi kwa nyuma.

Mwaka juzi injini ikafa. Rejeta ilivuja, maji yakakauka njiani, gesiketi ikaungua na silinda hedi ikapinda. Fundi akasema kuitengeneza ni kama kununua nyingine. Hapo ndipo kaka yangu akaja na wazo lake: "Tukishatoa hela, kwa nini turudishe ileile? Tufunge 1JZ."

Wapenzi wa magari hapa chuoni wameshaelewa. Kwa wengine nieleze kidogo. Toyota walitengeneza bodi hiyohiyo kwa injini tofauti, na herufi za mwanzo ndizo zinazosema ni ipi. GX100 ina injini ya 1G: silinda sita, lita 2, nguvu ya farasi kama 140. JZX100 ina 1JZ ya lita 2.5, na ile yenye tabo iliandikwa kiwandani nguvu ya farasi 280. Yaani mara mbili. Kuihamisha si uchawi. Unabadilisha mauntini, gia boksi, propela shafti, nyaya na kontroli boksi, lakini nafasi chini ya boneti ipo, maana kiwanda chenyewe kilishaiweka humo. Mchezo wenyewe ni wa zamani. Marekani, baada ya Vita Kuu ya Pili, vijana walikuwa wanachukua Ford kuukuu za wazee wao na kuzitia injini kubwa za V8. Raha yake ni ileile: gari la kupeleka watoto kanisani linakuacha kwenye mataa.

Kaka alinipigia siku bumu limeingia. (Sijui nyumbani huwa wanajuaje.) Alikuwa amepungukiwa laki mbili. Nikamtumia, na kwa kweli nilijisikia mtu. Kabla ya kukata simu nikamuuliza, "Na breki je?"

"Breki zipo, mdogo wangu. Hilo gari halijawahi kukataa kusimama. Kubwa zaidi tutafunga baadaye."

Nikacheka. Nikaacha.

Mimi nasoma uhandisi mitambo, mwaka wa pili. Nishati ya mwendo inakua kwa mraba wa kasi. Hiyo ni fizikia ya sekondari. Gari likitoka 80 kwenda 140, kasi haijafika hata mara mbili, lakini nishati ambayo breki zinatakiwa kuimeza na kuigeuza joto imefika mara tatu. Ndiyo maana Toyota walipoweka injini ya tabo kwenye bodi ile waliipa pia breki kubwa zaidi. Hawakufanya hivyo kwa urembo. Hayo yote nilikuwa nayajua siku ile nimeshika simu. Wiki chache nyuma nilikuwa nimefanya swali linalofanana na hilo kwenye testi, nikapata maksi zote.

Desemba nikarudi likizo. Injini ilikuwa imeshafungwa, na kusema kweli ilikuwa inaimba. Watoto wa mtaani walikuwa wanakuja kuomba iwashwe tu waisikie. Baba alizunguka gari mara mbili, mikono nyuma, akasema, "Inasema sana hii." Lakini niliona anatabasamu.

Safari ya kwanza ndefu ilikuwa kwenda Urambo kwenye arobaini ya shangazi. Kaka kwenye usukani, Baba mbele, mimi na Mama nyuma na sufuria la pilau katikati yetu. Baba akipita njia ile hawezi kukaa kimya. Akaanza: hapa misafara iliyotoka Bagamoyo ikipumzika Tabora ilikuwa inaendelea magharibi kwenda Ujiji. Pembe za ndovu zilikuwa zinashuka pwani kwa mabega ya watu, na watumwa walikuwa wanatembea njia hiyohiyo wakiwa wamefungwa. Mirambo wa Urambo aliwafungia Waarabu wa Tabora njia hii mwaka 1871, hata Stanley ikabidi azunguke kusini ndipo afike Ujiji kwa Livingstone. Halafu akaingia kwa wapagazi wa Kinyamwezi, ambao ndio anaowapenda. Mzigo wa mpagazi ulikuwa kama kilo 30, na ukimzidishia alikuwa anautua chini mbele ya mwenye mali, liwalo na liwe.

Kaka alikuwa anasikiliza nusu. Alikuwa anakanyaga mafuta kila tukitoka kijijini na kubana breki kwenye matuta ya kijiji kinachofuata. Mimi huko nyuma niliisikia ile harufu, kama ya plastiki inayoungua. Nilijua ni nini. Nikajiambia tunakaribia kufika.

Tulipopita Usoke barabara ikanyooka, lami safi. Nikachungulia dashibodi: 140. Mbele kidogo ng'ombe wakaanza kuvuka kutoka kulia, na nyuma yao mtoto wa miaka tisa au kumi na fimbo yake. Kaka akakanyaga breki. Gari likapunguza kidogo, halafu pedali ikazama mpaka chini. Mafuta ya breki yakiwa ya zamani na diski zikiwa za moto, yanachemka na kutoa mvuke, na mvuke ukiukanyaga unabonyea tu. Hilo nalo nilikuwa nalijua.

Kaka akakata kushoto. Tukatoka kwenye lami, tukapita kwenye majani, tukaingia shamba la tumbaku na kusimama. Hakuna aliyeumia. Kioo cha pembeni kilikuwa kimeing'oa fimbo mkononi mwa yule mtoto. Fimbo tu.

Baba akashuka. Mtoto alikuwa amesimama palepale, anatetemeka mwili mzima, na alipomwona mtu mzima anamjia mdomo wake ukafanya kile ulichofundishwa kufanya: "Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu," Baba akajibu, akamshika kichwa, akakaa naye hivyo muda mrefu.

Aliporudi hakupiga kelele. Alimwambia kaka, "Mpagazi alikuwa anapima mzigo kwa shingo yake. Shingo ya hili gari nani aliipima?" Halafu akanigeukia mimi. "Na wewe ndiye unayesoma uhandisi."

Tukasubiri breki zipoe, tukaenda Urambo kwa kilometa 40, ng'ombe wakituona tunatambaa. Pilau sikuila. Usiku nikamwambia kaka ile hesabu, mara tatu, nikamchorea na mchoro kwenye mchanga. Akauangalia kwa tochi ya simu. "Sasa kwa nini hukusema?"

Majibu ninayo mengi. Yeye ni kaka yangu, na kwetu mdogo hamfundishi mkubwa kazi. Sikutaka kuonekana msomi anayejidai. Tena nilikuwa nimetoa laki mbili, na mtu akishatoa hela anataka kitu kiende, hatafuti sababu ya kukisimamisha. Yote ni kweli. Nikiyapanga mbele ya yule mtoto hayatoshi hata moja.

Gari likakaa chini ya mwembe miezi minne. Tumelifunga breki za JZX100 iliyochinjwa Dar: diski, kalipa, mipira mipya, mafuta mapya, na matairi yanayoeleweka. Bado kadi, maana inasoma 1,988 cc na chini ya boneti kuna 2,491; hilo la TRA analifuatilia kaka. Nimelijaribu mwenyewe asubuhi moja barabara ikiwa tupu. Linasimama. Baba hajalipanda tena. Akitaka kwenda mjini anaita bodaboda.

Juzi kwenye karakana yetu tulikuwa tunaharakisha prakitiko, na mashine moja ya kunolea ilikuwa imetolewa kinga yake. Mwenzetu, mwaka wa tatu, akasema, "Washa tu, kinga tutafunga baadaye." Mikono ikanitoka jasho. Ni mkubwa kwangu, na foleni nyuma yetu ilikuwa ndefu. Nikachomoa waya ukutani, nikasema tunafunga sasa. Walinicheka, wakaniita mzee wa usalama. Tulichukua dakika sita kuifunga.