Kibanda cha Fundi na Ukurasa wa Mashairi

Katika miaka ya 1970 mtu aliyetaka kuwa mtunzi wa mashairi Tanzania hakusubiri mchapishaji. Alihitaji bahasha, stempu na urari wa vina na mizani. Magazeti ya Uhuru na Mzalendo yalikuwa yakichapa mashairi ya wasomaji, na Radio Tanzania Dar es Salaam ilikuwa na kipindi cha Malenga Wetu, ambamo mashairi yalighaniwa hadi asiyejua kusoma naye akayashika kichwani. Makarani, walimu, askari, wakulima, mafundi, wote walituma. Wengi tulijuana kwa lakabu na sanduku la posta tu, na bado tulijuana vizuri.

Mimi nilikulia utunzi Tanga. Shaaban Robert alizaliwa hapo kando, Vibambani, mwaka 1909, na alipofariki mwaka 1962 aliacha tenzi, insha na hadithi ambazo sisi tulizikuta shuleni. Lakini kwa wazee wa Tanga hakuwa mtu wa vitabuni. Walimtaja kama karani wa serikali waliyepishana naye njiani. Jambo hilo lilitupa moyo kuliko sifa zote alizomwagiwa: kumbe mtu anaweza kuwa na ajira yake, akaitwa ofisini kama wengine, na huku ameandika Kusadikika.

Chuo chetu kilikuwa kibanda cha fundi cherehani, Ngamiani, hapohapo Tanga. Mzee huyo alikuwa na nakala ya kitabu cha Sheikh Amri Abedi cha sheria za kutunga mashairi, kile cha mwaka 1954, jalada limekwisha kubanduka na kurasa zimeshonwa upya kwa uzi wa suruali. Tulifika jioni, tukitoa shikamoo huku tumekwisha kuchomoa daftari. Yeye hakusoma. Alisema, "Haya, nighanie," akashika chaki yake ya kukatia nguo, na kwa kila silabi akapiga alama juu ya meza.

Nakumbuka jioni moja mwenzetu aliposoma: "Masika yamekataa, mashamba yote yamekauka." Chaki ikaenda nane, ikapumzika, ikaenda tena. Kumi. Sote tuliziona zile alama mbili zilizozidi. Kijana akataka kubadili kitenzi. Mzee akamzuia. "Ondoa hilo 'yote', mwanangu. Ukishasema mashamba yamekauka, nani atauliza kama yamebaki?" Akafuta alama mbili kwa kiganja. "Masika yamekataa, mashamba yamekauka." Nane kwa nane, na mshororo ukawa na uzito zaidi kwa kupunguzwa. Watu husema mizani humfunga mtunzi akajaza maneno ya kubandika. Ndivyo inavyokuwa kwa mtunzi mvivu. Pale kibandani niliona mizani ikifanya kazi ya mhariri mkali asiyeonea mtu haya.

Ila shairi likishatoka gazetini ndipo shughuli ilipoanza. Malenga akitoa hoja, mwenziwe wa mkoa mwingine alimjibu, na adabu ilitaka jibu lije kwa bahari ileile na, kwa fundi hasa, kwa vina vilevile. Niliwahi kutuma shairi la kumsifu mwanamke mvumilivu katika ndoa. Akanijibu mwalimu mmoja wa kike kutoka nyanda za juu, ubeti kwa ubeti, kwa vina vyangu mwenyewe, akiuliza uvumilivu huo unamlisha nani na unamvisha nani. Nikamjibu. Naye akajibu. Malenga wa tatu akaingia kati kutusuluhisha, naye akajikuta anajibiwa na wanne. Tangu hapo nimechapisha vitabu na nimehakikiwa na wasomi, lakini sijapata msomaji aliyenisoma kwa makini kama yule aliyelazimika kurudi kwenye vina vyangu vyote ili anipinge.

Serikali nayo ilizijua nguvu hizo. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, Mwalimu Nyerere aliwaomba watunzi walifikishe kwa wananchi. Mathias Mnyampala akazishika ngonjera, zikaenezwa kupitia chama cha watunzi cha UKUTA, na watoto wa shule wakawa wanasimama wawili wawili mbele ya wageni wakibishana kwa beti. Nyingi zilikuwa hotuba zilizovishwa vina, na nadhani baadhi ya waliozitunga walilijua hilo. Hata hivyo zilifundisha masikio ya kizazi kizima.

Kisha vikaja vitabu viwili, kimoja nyuma ya kingine. Mwaka 1973 ilitoka Sauti ya Dhiki ya Abdilatif Abdalla, aliyefungwa Kenya kwa kuandika waraka wa Kenya Twendapi, akatunga gerezani na kuandika kwenye karatasi za chooni. Fundi alikipokea kitabu kile kwa mikono miwili. Mtu yumo ndani ya kuta, karatasi yenyewe ya kuficha, na vina havijapinda hata kimoja! Mwaka uliofuata kikaja Kichomi cha Euphrase Kezilahabi, kijana wa Ukerewe, na mashairi yake mengi hayakuwa na vina wala mizani.

Ubishi uliozuka uliendelea hadi miaka ya 1980, magazetini na vyuoni. Wengine walisema hayo si mashairi, ni guni, yaani tungo zisizo na urari wa vina na mizani. Wengine wakasema vina ndivyo vilivyokuwa vinaziba mawazo. Mzee alijaribu kulighani shairi moja la Kichomi kwa kila mahadhi aliyoyajua, likamshinda, akakifunga kitabu. "Huyu ana maneno," alisema, "ila hajaniachia pa kushika." Mimi nilikuwa upande wake, na kwa kazi yangu mwenyewe bado nipo.

Baadaye kidogo, wakati wa uhaba, karatasi zilipoadimika na sukari ikawa ya foleni, kijana mmoja wa kidato cha tano alikuja kibandani na shairi lisilo na kina. Lilihusu foleni hiyo. Mistari yake ilikuwa mifupi, mingine neno moja tu. Tulimtazama mzee. Akachukua chaki, kisha akairudisha mezani.

"Kwa nini umekata hapa?"

"Hapo ndipo watu wanasogea hatua moja, mzee."

"Na hapa?"

"Hapo hawasogei."

"Basi soma. Na usimame kweli kila ulipokata."

Kijana akasoma, akisimama kweli. Yale mapumziko yalichosha kuyasikiliza, nasi tuliokuwa tumetoka foleni asubuhi tulijua yanachosha kwa sababu gani. Mzee akamwambia kwamba mahadhi bado hayasikii, ila hesabu ipo. Kisha akaliwekea kidole neno la mwisho. Lilikuwa "dhuluma". Akasema lifutwe, maana msikilizaji amekwisha kulifikia mwenyewe. Kijana akakataa. Alisema foleni ile ina wakubwa wasiosimama ndani yake, na asipolitaja neno hilo nao watalisifu shairi. Mzee akavuta kigoda, akamwambia aanze kusoma upya tangu mwanzo, na hakuna aliyetaja guni tena jioni ile.