Kisu cha Rambo kilivyoniumbua Kiriba

Msomaji wangu, wiki hii sina wa kumsema. Nimeamua kujianika mwenyewe, maana anayecheka wenzake kila siku naye ipo siku yake ya kuchekwa.

Mimi ni mtoto wa Magomeni, Dar es Salaam. Mama yangu lakini kwao ni Kiriba, Musoma Vijijini, pale pale ufukweni mwa Ziwa Victoria. Mwaka jana nilipata likizo, nikaona niende kumsalimia mjomba, kaka yake mama, ambaye tangu nianze kazi nilikuwa namtumia salamu tu. Pale kijiweni nikawatangazia washikaji kwamba naenda porini. Hilo neno "porini" likanipanda kichwani. Nikasema mtu haendi porini mikono mitupu.

Basi bwana, nikazama Kariakoo. Kwa mmachinga mmoja nikakuta kitu kinameta mpaka unajiona sura. Kisu kirefu karibu futi moja, mgongoni meno kama ya msumeno, mpini mweusi wenye uwazi ndani. Ukifungua kifuniko cha mpini unakuta dira, ndoano na viberiti vitatu. Wale mliokulia kwenye vibanda vya video mshakijua. Kisu cha Rambo!

Filamu ya kwanza ya Rambo, "First Blood", ilitoka mwaka 1982, na kisu cha kwenye filamu kilitengenezwa kwa mkono na fundi visu wa Arkansas, Marekani, aitwaye Jimmy Lile. Jina la Rambo lilituingia mpaka mifuko ya plastiki tukaiita rambo, hadi ilipopigwa marufuku Juni 2019. Sasa, kisu cha Lile ni kingine na kile cha mezani Kariakoo ni kingine kabisa. Mimi hilo sikulijua. Nilichoona ni kule kumeta. Nikatoa hela, nikakipachika kiunoni, nikajiona kidume.

Nilifika Musoma niko hoi kwa safari, nikapanda gari la kuelekea huko, vumbi mpaka kwenye nyusi. Lakini Kiriba ni pazuri jamani, tusidanganyane. Mawe makubwa yamepandana kama kuna mtu aliyapanga, mashamba ya mihogo, halafu ziwa limelala mbele yako halina mwisho.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba mjomba. Mama yako hajambo?"

Baada ya ugali na sato nikatoa kisu changu, nikakiweka mezani chini ya taa, nikingoja sifa. Mjomba alikichukua. Cha ajabu, makali hakuyaangalia. Alishika mpini akautikisa karibu na sikio, kama mtu anayesikiliza nazi kama ina maji.

"Kinacheza," akasema.

"Mjomba, kina dira humu ndani!"

"Dira ya nini? Ziwa si lile pale?"

Watoto wakacheka. Nikajisemea moyoni, hawa watu wa huku mambo ya kisasa hawayajui.

Siku ya tatu mjomba akanichukua kwenda kutegua nyavu. Tulitoka alfajiri, mimi, yeye na kijana mmoja wa jirani, kwenye mtumbwi wa tanga. Maboya ya kujiokolea hatukuwa nayo, na hilo ni kosa ambalo silirudii tena. Tulikuwa tumeshavuta nyavu karibu nusu upepo ulipobadilika ghafla. Mjomba akaamua kutupa nanga ili tusisukumwe kwenye mawe. Nanga yenyewe ni jiwe limefungwa kamba ya nailoni.

Jiwe likazama, kamba ikafuata mbio, na katika ule mviringo wa kamba mguu wa mjomba ulikuwa ndani.

Jamani, we acha tu. Nanga ilinasa chini, upepo unasukuma mtumbwi upande wake, kamba inakaza kwenye kifundo cha mguu. Mjomba alivutwa mpaka ubavuni mwa mtumbwi, mguu uko nje, mtumbwi unainama na maji yanaingia. Yule kijana amemng'ang'ania kiunoni.

"Kata! Mjomba, kata!"

Nikachomoa Rambo wangu. Nikapitisha makali kwenye kamba, yakateleza. Nikapitisha tena, yakateleza tena, kamba imechanika nyuzi mbili tatu tu. Nikageuza upande wa msumeno, nikakandamiza kwa nguvu zangu zote. Nikasikia "kah!" Mpini ukabaki mkononi mwangu, bapa likaenda zake chini ya Ziwa Victoria.

Sijawahi kuona mkono wangu ukiwa mtupu namna ile.

Mjomba ndiye aliyejiokoa. Alipapasa kiunoni, akatoa kisu kifupi, cheusi, kibaya cha sura, akakata mara mbili. Kamba ikakatika kwa mlio, wote watatu tukaanguka ndani ya mtumbwi juu ya samaki. Kifundo kilikuwa kimechubuka, nyama nyekundu inaonekana. Tulikaa kimya muda mrefu tunahema. Kisha mjomba akauangalia ule mpini mkononi mwangu.

"Dira bado ipo?" akauliza.

Kesho yake mguu ulikuwa umevimba, hakuweza kutembea. Akaniita, akanipa kile kisu chake cheusi. "Nenda kwa mzee mhunzi akakutengenezee kama hiki. Na ukifika kule usiseme unataka kinachong'aa."

Nilimkuta mhunzi chini ya mwembe, kajukuu kake kanavuta mivukuto. Nikamwamkia, nikamweleza kwamba nataka kisu cha porini.

"Porini si kazi," akanijibu. "Porini kuna kukata kamba, kupara samaki, kuchuna mbuzi, kuchonga kigingi, kupasua kuni ndogo. Wewe sema utafanya nini, mimi nitakwambia chuma gani."

Kumbe hapo ndipo nilipokosea tangu Kariakoo. Mimi nilianza na sura ya kisu. Mwenye akili anaanza na kazi.

Mzee akanitolea vipande vitatu vya chuma: nondo ya kujengea, tupa kuukuu na springi ya pikapu. Akatia ncha ya nondo motoni mpaka ikawa nyekundu, akaizamisha kwenye oili, akanipa tupa nyingine nikwaruze. Ikakwaruzika kirahisi. Nondo ina kaboni ndogo sana, hata uichome vipi haitoi makali ya kudumu. Halafu akachukua ile tupa kuukuu, akaigonga kwa nyundo kwenye fuawe. Ikavunjika kama biskuti. Tupa ina kaboni inayopita asilimia 1. Makali yake ni hatari, lakini ukiiacha na ugumu wake wote haivumilii kishindo.

Springi ndiyo iko katikati, kaboni kama asilimia 0.6, na aina nyingi zimetiwa kromiamu kidogo. Imezaliwa kwa ajili ya kubeba gari kwenye mashimo, inapinda na kurudi. "Kisu kinachoweza kukuokoa kiwe hivyo," mzee akasema. "Kikilemewa kipinde, kisivunjike."

Lakini akanionya, siyo kila springi. Ile iliyovunjika barabarani huwa na nyufa ndogo ambazo jicho halizioni, na ufa ukiingia kwenye kisu umebeba msiba. Ndiyo maana alikata kipande mbali kabisa na pale ilipovunjikia. Akachagua ya pikapu kwa sababu ya lori ni nene mno, utafua mpaka jioni.

Nikajifanya mjuaji kidogo, nikamuuliza mbona hatutumii chuma kisichoshika kutu kama kile changu. Mzee hakukibeza. Alisema vipo vizuri sana, ila moto wake si wa chini ya mwembe. Na kweli, chuma hicho kinataka kromiamu isiyopungua kama asilimia 10.5. Harry Brearley wa Sheffield, Uingereza, alikifanikisha mwaka 1913. Aina zinazofaa kwa visu zinataka joto la zaidi ya nyuzi 1,000, tena lililopimwa na kushikiliwa sawasawa. Makaa na macho havitoshi. Mvuvi wa Dar anayeshinda kwenye maji ya chumvi anaweza kukitafuta, lakini akinunue kwa mtu anayemwamini. Ziwa letu ni maji baridi. Springi ukiifuta na kuipaka mafuta inakaa miaka.

Kazi ikaanza. Wakati chuma kinapata moto mzee akawa ananipigia stori. Zamani mkoani Mara wahunzi waliitwa Waturi, na baadhi ya jamii ziliona mwiko kuoana nao. Jembe walilitaka, mkuki waliutaka, binti hawakumtoa! Nikakumbuka kwamba ng'ambo ya ziwa, kule Kagera, Wahaya walikuwa wakiyeyusha chuma karibu miaka 2,000 iliyopita. Mwaka 1978 Peter Schmidt na Donald Avery waliandika katika jarida la Science kwamba tanuri zile zilitoa chuma chenye kaboni, yaani feleji. Na mimi nimetoka Dar na kisu cha sinema kuja kuwaringishia watu wa ziwa hili!

Kisu kilipopata umbo, mzee akatoa sumaku aliyoikwangua kwenye spika ya redio mbovu. Akawa anachoma bapa, anagusisha sumaku. Linashika. Anachoma tena. Likifika kama nyuzi 770 sumaku hailivuti tena. Hapo akaongeza moto kidogo, akalizamisha kwenye oili aliyoipasha vuguvugu. Moshi, moto, mimi mbio nyuma ya mwembe! Akapitisha tupa kwenye makali, ikateleza kama juu ya kioo.

Nikadhani tayari. Kumbe ndiyo hatari yenyewe, kikiwa hivyo kinavunjika kama ile tupa. Akakisugua kidogo kikang'aa, akakirudisha kwenye moto wa polepole, anakiangalia bila kupepesa, mpaka rangi ya majani makavu ikatambaa juu ya chuma. Hiyo ni kama nyuzi 200 na ushei. "Hapa ndipo kisu kinapopewa akili," akasema.

Bapa ni la shibiri moja pungufu kidogo, unene wa mgongo kama milimita 4. Msumeno hauna. Chuma kimoja kimekwenda kuanzia ncha mpaka mwisho wa mpini, na mbao mbili za mkwaju zimebanwa huku na huku kwa misumari mitatu iliyopondwa. Mpini wa namna hiyo huchomoki. Wa kwangu wa Rambo, nilipouchungulia ndani, bapa lilishikwa na kipande kifupi kama kidole gumba na nati moja. Hicho ndicho nilichotaka kumwokolea mjomba.

Nikamrudishia mjomba cha kwake na kumwonyesha changu. Alikitikisa sikioni. Kimya. Akaniletea kipande cha ile ile kamba ya nanga. Nikakata mara moja tu, ikaachia. Mjomba hakusema kitu, akatikisa kichwa tu kuashiria sawa. Mimi machozi yalikuwa karibu, nikasingizia moshi.

Siku ya kuondoka alinifunga begi mwenyewe, kisu kiko chini kabisa ndani ya ala ya ngozi. "Ukifika Bunda, ukashawishika kwenda kuangalia wanyama, hiki usiingie nacho." Alikuwa na sababu. Kukutwa na silaha ndani ya hifadhi bila kibali ni kosa, na kuna vijana wa mkoa huu waliofikishwa mahakamani kwa panga na nyaya tu. Hata Dar sikivai kiunoni. Kinakaa ndani, na kikitoka kinatoka kwa kazi.

Mpini wa Rambo niliuacha Kiriba. Watoto wa mjomba wanauchezea, na wameniambia dira yake inaonyesha kaskazini popote unapoigeuza.

Kifundo cha mjomba kimepona, ila kovu lipo limezunguka kama bangili. Kila tukiongea kwenye simu tunaanza na mama, tunapita kwenye samaki, kisha nasikia lile swali lake: "Mjomba, umekipaka mafuta?"

Nimekipaka, mjomba. Ya cherehani, kila Jumapili.