Saini ya mahudhurio si saini ya kukubali

Huku kampasi vimbweta vimejaa usiku na mchana, kila mtu ana desa mkononi, na bumu limeshakata kwa wengi wetu (msiniulize mimi limekata lini). Leo sina habari za foleni ya kafeteria wala za yule jamaa wa chumba cha pili anayepiga muziki saa nane za usiku. Leo naandika kuhusu vumbi. Ndiyo, vumbi! Vumilieni kidogo, mtaona linatufikisha wapi.

Kwa wasiopajua kwetu: ukitoka Babati kwenda Singida unapita Katesh, makao makuu ya wilaya ya Hanang, chini kabisa ya Mlima Hanang wenye urefu wa zaidi ya mita 3,400. Ukielekea kaskazini unaingia Mbulu, yaani Dongobesh, Haydom na kwingineko. Baba yangu ni Mwiraqw wa huko Mbulu, mama ni Mbarabaig wa Hanang, na mimi nimekulia upande wa mama. Kijiji sikitaji. Kampuni nayo siitaji, maana kesi siitaki na ada bado sijamaliza kulipa.

Kilomita moja hivi kutoka kwa mama, upande wa mashariki, kuna mashine ya kusaga kokoto. Sisi tunaita kresha. Wanapasua mwamba kwa baruti, mawe yanamwagwa kwenye mashine, huku zinatoka kokoto na huku linatoka wingu jeupe. Masika huwezi kulalamika sana, mvua inalishusha. Ila kiangazi, kuanzia Juni mpaka Oktoba, upepo wa kwetu unatoka mashariki na unapuliza kweli kweli. Wingu lote linakuja nyumbani. Mama anakung'uta shuka asubuhi, mchana anakung'uta tena. Majani ya maharage yanakuwa kama yamepakwa unga. Na kikohozi chake, ambacho zamani kilikuwa cha msimu, sasa kimehamia moja kwa moja.

Siku moja mama alifunga safari hadi ofisi ya kijiji kuuliza. Aliyemkuta pale alifungua faili, akatoa karatasi iliyotolewa kopi, akamwonyesha kwa kidole: "Mama, jina lako si hili hapa?" Kweli lilikuwa jina lake. Miezi kadhaa kabla ya mashine kuja, liliwahi kufika gari jeupe, watu wakaitwa kwenye darasa la shule ya msingi, wakaelezwa kuna mradi wa maendeleo unakuja, kutakuwa na ajira kwa vijana na madawati kwa watoto. Karatasi ikapitishwa kila mtu aandike jina na kusaini. Watu wakapewa soda, wakaenda zao. Neno vumbi halikutajwa.

Alinisimulia kwenye simu huku anacheka, kile kicheko cha mtu aliyekasirika. "Mwanangu, kumbe nilikubali! Nilidhani nasaini soda."

Sasa basi. Muhula huu tuna somo la sheria ya mazingira, na nikikaa darasani naisikia sauti ya mama. Nimesoma Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 kuliko nilivyowahi kusoma kitu chochote cha mtihani. Kifungu cha 4 kinasema kila anayeishi Tanzania ana haki ya mazingira safi, salama na yenye afya. Kifungu cha 172 kinampa mtu haki ya kupata taarifa za mazingira. Na kifungu cha 178, ambacho nimekipigia mstari mpaka karatasi imetoboka, kinasema wananchi wana haki ya kuarifiwa kwa wakati pale mamlaka inapokusudia kufanya uamuzi unaogusa mazingira, na kuambiwa ni nafasi gani wanazo za kushiriki. Rudia hapo: kwa wakati. Sio mashine ikishafungwa.

Halafu kuna Kanuni za Tathmini ya Athari kwa Mazingira za mwaka 2005. Hizo zinamtaka mwenye mradi atafute maoni ya watu watakaoguswa: matangazo yabandikwe mahali pa wazi, yatoke gazetini na redioni, na mikutano ifanyike inapofaa. Ripoti yenyewe inatakiwa iambatane na muhtasari usio wa kitaalamu, kwa Kiswahili na Kiingereza. Kwa Kiswahili, jamani! Mtu aliyeandika kanuni hiyo alimfikiria mama yangu. Mwaka 2007 zikaja Kanuni za Viwango vya Ubora wa Hewa. Kwa hiyo kwenye makaratasi hatuna upungufu mkubwa. Upungufu upo pale darasani, kati ya karatasi inayopitishwa na mdomo wa anayeeleza.

Mtasema vumbi ni vumbi tu, kwetu sote tumekua nalo. Hapana. Vumbi la barabara sehemu kubwa unalipiga chafya, unalifuta, yameisha. Vumbi la mwamba uliosagwa huwa na chembe ndogo mno za silika zinazoshuka mpaka ndani kabisa ya mapafu na kubaki huko. Zinaleta kovu kwenye mapafu, na mapafu yenye kovu hukaribisha kifua kikuu. Mkoa wetu wa Manyara unalijua hili vizuri, waulizeni wachimbaji wa tanzanite kule Mererani. Zile chembe ndogo zaidi, zenye kipenyo cha chini ya maikromita 2.5, huzioni kwa macho. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilishusha kiwango linachoshauri kwa chembe hizo hadi wastani wa maikrogramu 5 kwa kila mita ya ujazo ya hewa kwa mwaka. Kwa hiyo hata siku ambazo mama anasema "leo hewa ni safi," macho yake peke yake hayatoshi kuwa shahidi.

Mwalimu wetu alitupa kesi mbili za majirani zetu wa Kenya, na zote mbili zilininyima usingizi.

Ya kwanza ni ya Lamu. Kampuni ya Amu Power ilitaka kujenga mtambo wa umeme wa makaa ya mawe wa megawati 1,050, na mwaka 2016 ikapewa leseni na mamlaka ya mazingira, NEMA. Wananchi kupitia Save Lamu wakaenda kwenye Baraza la Taifa la Mazingira. Tarehe 26 Juni 2019 baraza likafuta leseni ile. Na sababu kubwa ilikuwa nini? Ushiriki wa wananchi. Mikutano ilifanyika, ndiyo, ila ilikuwa ya utangulizi, kabla utafiti wa athari haujakamilika. Watu walikusanywa wakati bado hakuna cha kuwaambia kuhusu moshi, maji na samaki wao. Niliposoma hapo nikaliona lile darasa la kijijini kwetu na chupa zake za soda.

Ya pili ni ya Owino Uhuru, Mombasa. Kiwanda cha kuyeyusha risasi kutoka kwenye betri chakavu kilianza kazi mwaka 2007 jirani na makazi ya watu, bila tathmini ya athari kufanyika kwanza. Kilifungwa mwaka 2014, watoto wakiwa tayari na risasi kwenye damu. Phyllis Omido, aliyewahi kufanya kazi pale kiwandani, ndiye aliyesimama mbele kupigania watu wale, na mwaka 2015 akapewa Tuzo ya Goldman. Mahakama iliwapa wananchi fidia ya shilingi za Kenya bilioni 1.3 mwaka 2020, suala likavutana kwenye rufaa, mpaka Mahakama ya Juu ikairudisha fidia hiyo Desemba 2024. Hesabu wenyewe, kuanzia 2007 mpaka 2024. Mtoto aliyezaliwa siku kiwanda kinafunguliwa alikuwa anakaribia kupata kitambulisho.

Na kwetu Hanang hatuhitaji hata kwenda mbali. Wazee wanakumbuka mashamba ya ngano ya NAFCO kwenye nyanda za Basotu, mradi uliosaidiwa na Kanada kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960. Mashamba saba, karibu ekari 100,000 za malisho ya Wabarabaig. Trekta zilipita hadi juu ya makaburi ya wazee wetu. Kijiji cha Mulbadaw kilishtaki, kikashinda Mahakama Kuu mwaka 1984, na mwaka uliofuata Mahakama ya Rufani ikaupindua ushindi ule. Mjomba wa mama akisimulia habari hiyo hupenda kusema hivi: walituuliza maswali mengi sana mahakamani, ila hakuna aliyetuuliza hata moja kabla ya trekta.

Cha ajabu ni kwamba kushiriki kwetu si jambo la kufundishwa na mgeni. Wabarabaig wana getabaraku, mkutano wa wote chini ya mti. Mwenye neno analisema, na mnazungumza mpaka mfike pamoja. Wanawake nao wana baraza lao, na mwanamume aliyewakosea analipa faini, hata awe nani. Hakuna karatasi inayopitishwa. Ukiondoka pale unajua umekubali nini.

Nisiwe wa upande mmoja lakini. Kaka yangu anafanya kazi pale kwenye kresha. Analipwa kwa siku, na sehemu ya hela hiyo ndiyo ilinilipia nauli ya basi kuja chuo. Barabara zinataka kokoto, hata zahanati tunayoidai itajengwa kwa kokoto. Kaka aliniambia waziwazi, "Dogo, ukiifunga ile mashine utanilisha wewe?" Sikuwa na jibu la haraka. Na yeye analivuta vumbi lile akiwa karibu kuliko mama, na kitambaa tu puani. Kwa hiyo swali letu halikuwa ifungwe au isifungwe. Tulitaka kujua inaendeshwaje, na nani aliamua kwamba inavyoendeshwa sasa inatosha.

Likizo iliyopita tukakaa na mama na majirani tukaandika barua, kwa Kiswahili, ukurasa mmoja. Tuliomba kuona ule muhtasari wa Kiswahili, na tuliomba jambo hili liwe ajenda kwenye mkutano mkuu wa kijiji. Nikasimama pale mpaka kopi yetu ikagongwa muhuri wa kupokelewa (wanasheria wa kesho, hiyo msisahau). Mkutano ukafanyika, na mwakilishi wa kampuni akaja. Akaeleza kwamba hewa ilipimwa na vumbi lilikuwa dogo.

Mama akanyoosha mkono. "Mlipima mwezi gani?"

Aprili.

Watu wakaguna. Aprili kwetu ni tope! Mama akauliza tena upepo siku hiyo ulikuwa unaelekea wapi. Hakukuwa na jibu. Hakusoma kifungu cha 178 huyu, ila amekaa na upepo ule zaidi ya miaka hamsini. Siku hiyo nilielewa sheria inawataka wananchi wa nini. Haiwaiti kwa huruma tu. Wanajua vitu ambavyo mtaalamu wa siku mbili hawezi kuvijua.

Matokeo? Siwadanganyi, si makubwa. Sasa wanamwagia maji asubuhi, mchana bado hawamwagii. Wafanyakazi wamepewa barakoa, kaka anasema zinawahi kuchakaa. Kupima upya wakati wa kiangazi kumeahidiwa, na ahadi hiyo imeandikwa kwenye muhtasari wa mkutano, kopi ipo chini ya godoro la mama. Muhtasari wa Kiswahili bado tunaudai. Na mama bado anakohoa.

Kwa hiyo wadau, mnaokwenda makwenu likizo hii, Mbulu, Hanang au popote: gari jeupe likija na karatasi, waambieni wazazi waulize mambo matatu kabla ya kalamu. Mmeshapima, na mlipima lini? Ripoti ya Kiswahili iko wapi? Na saini hii ni ya kuhudhuria au ya kukubali? Kama ni ya kuhudhuria, iandikwe hivyo juu ya karatasi, kwa herufi kubwa.

Haya, nakimbilia kimbweta kabla hakijachukuliwa, mtihani ni Jumatatu. Nitawaambia Juni kama wamekuja kupima.