Maandalizi ya Noeli

Kila sikukuu ina siku mbili. Siku ya kwanza ni ile iliyoandikwa katika kalenda, ambayo watu wote huiona, huivalia nguo mpya na huiimbia nyimbo. Siku ya pili haikuandikwa popote. Hiyo ni siku ya maandalizi, nayo huwa ndefu kuliko ya kwanza mara ishirini au thelathini. Siku ya kwanza ni mali ya watu wote. Siku ya pili, aghalabu, ni mali ya mama.

Katika insha hii nataka kusema juu ya siku hiyo ya pili. Sisemi kama mtaalamu, maana hakuna chuo kilichonipa shahada kwa jambo hili. Nasema kama mama wa watoto watatu, mwalimu wa Kiswahili katika chuo kikuu mjini Dar es Salaam, na mke wa mtu ambaye kwao ni Kilimanjaro. Mambo haya matatu hukaa pamoja kwa amani miezi kumi na mmoja ya mwaka. Desemba ikiingia, hushikana mashati.

Msomaji asiyeijua desturi ya Wachaga astahili kuelezwa. Ukristo ulitia mizizi katika mlima ule mwishoni mwa karne ya kumi na tisa, kwa mikono ya mapadri wa Kikatoliki, na kisha Walutheri wa Leipzig, waliofika mwaka 1893. Reli iliyotoka Tanga ilifika Moshi mwaka 1911. Dini ilileta Noeli, na reli, pamoja na shule, kahawa na biashara, ilifungua njia ya watoto wa mlimani kwenda kutafuta riziki mbali. Mambo hayo mawili yalipokutana yalizaa safari ya Desemba. Mchaga aweza kuwa Mwanza, Mbeya au ng'ambo ya bahari mwaka mzima, walakini Noeli humwita kwenye kihamba, yaani shamba la migomba alilozaliwa baba yake na ambamo wazee wake wamezikwa. Huko watoto hubatizwa, maharusi huonyeshwa kwa ukoo, madeni hukumbushwa na ugomvi husuluhishwa. Toka Dar es Salaam safari ni ya zaidi ya kilomita 500. Treni ya abiria iliyokuwa imesimama kwa miaka mingi ilirudishwa mwaka 2019. Hata hivyo, mabasi bado hujaa kama mizinga ya nyuki, na asiyekata tiketi mapema hujilaumu mwenyewe.

Sasa niseme juu ya daftari langu. Kila mwaka, Novemba ikiisha, hulifungua ukurasa mpya. Huandika tiketi tano. Huandika mchele, sukari, mafuta ya kupikia na nazi, maana mnazi hauoti kwenye baridi ya mlimani. Huandika kitenge cha mavyaa wangu, yaani mama yake mume wangu, na sweta lake. Shati la shemeji, soksi za watoto wa wifi, na bahasha ya sadaka. Huandika jina la fundi cherehani, na mbele yake tarehe tatu: aliyoahidi kwanza, aliyoahidi pili, na ile ninayoitazamia kwa kweli. Chini kabisa huandika ada za shule za Januari, ili furaha ya Desemba isinisahaulishe kwamba mwaka mpya una njaa yake.

Katika siku zizo hizo hunijia karatasi za majaribio ya wanafunzi, mia moja na arobaini hivi, nami huzisahihisha usiku nyumba ikiisha kulala. Mwaka mmoja mwanafunzi alinijia ofisini na karatasi yake. Pembeni mwa jibu lake juu ya vina na mizani palikuwa na mwandiko wangu, kwa wino mwekundu: "Sukari kilo tano." Aliniuliza kwa heshima kubwa kama hayo yalikuwa maoni juu ya jibu lake. Nilicheka, naye alicheka, nikampa alama aliyostahili. Alipotoka nilifunga mlango nikakaa kimya muda mrefu, maana niliona kwamba kichwa changu kilikuwa kama debe lililojazwa kupita kiasi, likaanza kumwagika mahali pasipotakiwa.

Mume wangu si mvivu wala si mtu mbaya. Kila Desemba huniuliza, "Nikusaidie nini, mama watoto?" Kwa miaka mingi swali hilo lilinikera, nami nilijilaumu kwa kukereka, kwa kuwa lilikuwa swali la upendo. Baadaye nilijua sababu. Mtu aulizaye afanye nini ametoa mikono yake, lakini kichwa amemwachia mwenziwe. Kubeba gunia la mchele ni kazi ya nusu saa. Kukumbuka kwamba mchele unatakiwa, ni kiasi gani, ununuliwe lini, na nani nyumbani kule hali mchele wa jana, ni kazi ya mwezi mzima. Kazi hii ya pili haina jasho, kwa hiyo watu hawaioni. Na kwa kuwa hawaioni, hawashukuru wala hawapokezani. Nayo ndiyo nguzo ya maandalizi yote. Mama wa sikukuu ni kumbukumbu ya nyumba.

Ukweli huu sikuupata katika daftari langu. Niliupata katika jiko la mavyaa wangu.

Mavyaa ni mjane aliyepita miaka sabini. Tangu niolewe, mbege ya Noeli katika nyumba yake imepikwa naye. Mbege si kinywaji cha kuamka asubuhi na kukitengeneza. Ndizi mbivu huchemshwa katika chungu kikubwa, zikaachwa siku kadhaa zichachuke, kisha huchanganywa na maji zikachujwa. Kando yake ulezi hulowekwa, ukaota, ukaanikwa, ukasagwa kuwa kimea, ukapikwa uji. Uji ukipoa huunganishwa na yale maji ya ndizi, likatiwa gome la mti wa msesewe kuleta uchungu, na mchanganyiko hulala usiku. Kwa hiyo anayetaka kunywa mbege tarehe 25 Desemba hana budi kuanza kazi mapema, na kuhesabu siku za ndizi na siku za ulezi zikutane pasipo kupitana. Hesabu hiyo yote ilikuwa katika kichwa cha mwanamke mmoja.

Mimi nilikuwa nikifika tarehe 23, nimechoka, nikikuta kila kitu tayari. Wiki mbili kabla humtumia fedha kwa simu atafute msichana wa kumsaidia, nami nilidhani kwa kufanya hivyo nimetimiza wajibu wa mkaza mwana.

Mwaka 2023 tulifika siku ile ile. Ndizi zilikuwa zimechachuka barabara, na harufu yake ilitupokea toka uani. Mavyaa alitukumbatia, kisha akaingia jikoni kuchukua kimea. Hakukiona. Alitafuta darini, chini ya kitanda, nyuma ya kuni, na mara ya pili darini. Mchana ulipita. Mwishowe binti yangu aliukuta ulezi ndani ya gunia lake, mkavu, haujaguswa na maji. Mavyaa alikuwa amesahau kuuloweka, na amesahau kwamba amesahau.

Wanawe walisema haina neno, soda zipo. Jirani mmoja mwema alitupa unga wa kimea alioubakiza, na mbege ikapatikana. Lakini kabla ya hapo lilipita jambo ambalo sitalisahau. Tulisimama uani watu wazima sita, kati yetu wenye shahada wanne, na mimi mwenye udaktari, tukaulizana ulezi hulowekwa siku ngapi. Hakuna aliyejua. Nilikwenda jikoni kumwuliza mavyaa. Alikuwa ameketi kwenye kigoda, mikono juu ya magoti, akitazama majivu.

"Mwanangu," akaniambia, "miaka yote hii mmekunywa. Hakuna aliyeniuliza."

Hakusema kwa hasira. Laiti angesema kwa hasira, ningepata pa kujitetea. Mimi ni mtu ambaye kazi yangu ni kuuliza. Nimeuliza wazee wa pwani maana ya maneno yaliyokufa, nikayaandika na kupata cheo kwayo. Katika nyumba niliyoolewa sikuuliza neno. Nilimtendea mavyaa kile nilichokuwa nikilia kwamba natendewa mimi: nilitoa fedha, nikamwachia kichwa.

Mwaka 2024 niliomba likizo mapema. Nilikwenda mlimani tarehe 10 Desemba na watoto wawili wakubwa, na furushi la karatasi za majaribio. Daftari nilimpa mume wangu, nikamwomba asinipigie simu kuniuliza lililoandikwa humo. Alisahau nazi, na fundi alimshinda kwa ahadi. Tulikula wali bila nazi, binti yangu wa mwisho akavaa gauni la mwaka uliotangulia, na Noeli haikukataa kuja.

Kule jikoni nilijifunza mengi. Mavyaa nilipomwuliza kwa maneno, "Mama, ndizi hukaa siku ngapi?" alikunja uso na kupotea, mara alisema tatu, mara alisema kumi. Lakini nilipomletea ndizi yenyewe aliibonyeza kwa vidole viwili, akanusa, akasema, "Bado." Kesho yake, "Bado." Siku ya tatu, "Leta chungu." Elimu iliyokuwa imeanza kutoka kichwani mwake ilikuwa bado imekaa mikononi. Nilianza kuandika katika daftari jipya. Binti yangu alianika ulezi, na mwanangu, ambaye hakuwahi kushika mwiko, alikoroga uji mpaka mabega yakamwuma.

Wala mbege haikuwa yote. Katika kukoroga na kungoja, mavyaa alitoa mambo mengine, moja moja, kama mtu atoaye vitu sandukuni. Alinieleza kata ya kwanza apewe nani na kwa nini. Alinikumbusha kwamba jirani wawili wa kihamba cha juu hawasemezani, na kwamba mmoja wao atakuja na jani la isale mkononi, ambalo kwa Wachaga ni ombi la msamaha. Basi wakae karibu, lakini si mkabala. Nikaona kwamba kwa miaka mingi tulikuja kula amani ambayo mtu mmoja aliipanga kabla hatujafika, nasi tukadhani imetokea yenyewe.

Wako watu watakaosema kwamba taabu zote hizi ni bure, vinywaji vimejaa madukani, na mama mwenye kazi ya mshahara aache mambo ya zamani. Nakubali nusu ya neno hili. Nimekwisha kufuta katika daftari langu keki ya ghorofa, nguo za kufanana za jamaa nzima, na mambo mengine yaliyoingia humo kwa kuogopa macho ya watu. Taabu haiwi takatifu kwa sababu ya kumwua mama. Vivyo hivyo nawapinga wale wanaosimama baada ya chakula na kumsifu mama kwa hotuba tamu, kisha wakarudi kuketi. Sifa haioshi sufuria. Lakini nusu ya pili siikubali. Kitu kilichonunuliwa chote hakimkusanyi mtu kabla ya meza. Siku zile kumi na tano jikoni, kwa moshi na usingizi mchache, zilinipa mavyaa ambaye Noeli kumi na nane mezani hazikunipa.

Mbege ya mwaka ule ilizidi uchungu kidogo, maana msesewe niliutia kwa mkono wangu mwenyewe, nao ulikuwa mzito. Mavyaa alionja, akakunja uso, akanitazama. Wageni walinyamaza. Kisha alinyosha kata yake ajazwe mara ya pili.

Siku hizi daftari halikai tena katika mkoba wangu. Linaning'inia kwenye msumari jikoni kwetu Dar es Salaam, na kalamu imefungwa kwa uzi. Kila mmoja wa nyumba ana ukurasa wake, na analoliandika ni lake kulikumbuka toka mwanzo hadi mwisho, si langu kumkumbusha. Ukurasa wa mwanangu una neno moja tu: ulezi. Chini yake ameandika tarehe za kuuloweka, kuuotesha na kuuanika, kwa mwandiko mbaya ambao ningeutoza alama kama angekuwa mwanafunzi wangu.

Msomaji, ikiwa katika nyumba yako yuko mwanamke ambaye sikukuu hutoka mikononi mwake kama maji yatokavyo chemchemini, usingoje chemchemi ikauke ndipo uulize maji yalipita wapi. Nenda mapema, kaa kwenye kigoda, na uulize. Kumbukumbu iliyowekwa katika kichwa kimoja ni mali isiyo na mrithi. Ikigawanywa kwa watu watano, kila mmoja hubeba mzigo mwepesi, na mama naye hupata nafasi ya kuketi mezani siku ile iliyoandikwa katika kalenda.