Kizibo cha soda kinajua hesabu

Hapa Hamburg binti yangu alifundishwa hesabu za uwezekano uani mwa shule, akiwa na chaki mkononi. Watoto walichora njia 12 sakafuni, kila mmoja akajichagulia namba. Dadu mbili zinarushwa, zinajumlishwa, mwenye jumla hiyo anasogea hatua moja. Aliyeshika 1 alisubiri weee, hadi akagutuka kwamba dadu mbili hazitoi moja hata siku moja. Mwenye saba ndiye aliyefika mbele, maana saba ina njia 6 kati ya 36, na 12 ina moja tu. Tangu 2004, viwango vya shule za msingi Ujerumani vinataka mada hii iguswe kabla mtoto hajamaliza darasa la nne.

Sisi wa Kawangware, Nairobi, enzi za mfumo wa elimu wa 8-4-4, tuliikuta sekondari: mfuko wa mipira myekundu na ya buluu ambao hakuna aliyewahi kuuona. Nyumbani nako tulicheza ludo barazani, tukililia sita ili tutoke!

Halafu kuna vizibo vya soda. Watoto wa madarasa ya chini huko Kibera huvibeba shuleni, wakavipanga kumikumi, wakavijumlisha, basi, vikarudi mfukoni. Kwa nini visirushwe? Sarafu inakaribia nusu kwa nusu. Kizibo chenye meno upande mmoja na mgongo laini upande wa pili hakitabiriki hivyo. Sharti ukirushe mara mia, uchore mistari, uhesabu. Kiponde kwa jiwe, urushe tena, uone matokeo yanavyobadilika. Shule nyingi za mabati pale Gatwekera, Kibera, hazina uwanja, lakini kwa kazi hii kichochoro kinatosha, na mzazi hatumwi dukani kununua vifaa vya mtaala wa umilisi (CBC).

Wapo walimu wanaosema dadu darasani ni kamari. Nawaelewa. Sheria ya Kenya inawazuia walio chini ya miaka 18 kucheza kamari, lakini mashine za kamari ziko vibandani, na mtoto anazipita akienda shule. Binti yangu hapa Hamburg hazioni njiani kwake.

Basi mwalimu awe mashine. Kila mtoto atoe kizibo kimoja kwa kila mrusho, abashiri namba ya dadu moja. Akipatia alipwe vinne. Warushe mara 30. Kwa wastani atapatia mara 5, apokee vizibo 20, naye ametoa 30. Kisha waulizwe kumi vimeenda wapi, na wachungulie mkebe wa mwalimu.