Jino Langu Jipya Linatafuna, Lakini Halihisi

Wasee, wiki jana nilikuwa kwa kibanda nakula ndengu na chapo, nikasikia "kwach!" Kijiwe. Kilikuwa upande wa kushoto, pale niko na jino la kupandikizwa, na nilikuwa nakitafuna bila habari. Kingeingia kulia, ningekitema mapema.

Ilinisumbua, nikaenda kusoma. Kumbe jino la kuzaliwa nalo halijashikana na mfupa wa taya. Katikati kuna utando wa nyuzi, unene wake kama milimita 0.2, na una neva kibao. Ukiuma kitu, jino linasogea kidogo sana, nyuzi zinavutika, neva zinaambia ubongo: kiko hapa, ni kigumu, punguza nguvu. Ndiyo maana hata unywele mmoja ukiingia kwa chakula unaujua.

Implanti haina huo utando. Ni skrubu ya titaniamu iliyoshikana na mfupa wenyewe. Brånemark, daktari wa Sweden, aliona titaniamu ikishikana hivyo na mfupa wa sungura miaka ya 1950, na mwaka wa 1965 akamwekea mgonjwa wa kwanza. Kwa kutafuna, iko poa. Lakini zile neva za utando hazipo tena, kwa hivyo ubongo unategemea habari kutoka kwa mfupa, misuli na kiungo cha taya. Unazoea, ila vitu vidogo vinakupita.

Sasa, kinachoniuma ni hiki: jino langu lingeokolewa. Nilikuwa mwaka wa pili kampasi, karo imenilemea, usiku silali. Daktari alisema mzizi unaweza kutibiwa. Nikauliza bei, nikauliza na ya kung'oa. Nikang'oa. Mwaka huo huo nikaacha masomo. Baadaye pesa yangu ya kwanza ya maana kutoka kwa video ikaishia kwa implanti, na ilikuwa mara kadhaa ya ile niliyokwepa.

Mamangu angenisaidia. Sikumwambia kwa sababu nilijua tukianza na jino tungefika kwa karo, na niliona aibu.

Kwa hivyo kama daktari amekuambia jino linaweza kuokolewa, usiling'oe kimyakimya. Uliza kama unaweza kulipa pole pole. Na umpigie mtu wa nyumbani leo. Aibu itaisha. Jino likishatoka, hakuna daktari atakurudishia ule utando.