Saa 12 za Tabora

Wazee wetu walikuwa na jina kwa kila kiungo cha kiko. Bori hubeba moto na majani. Digali huuteremsha moshi hadi majini. Kiko chenyewe ni kibuyu au kifuu cha nazi kilichotiwa maji. Shilamu ndiyo inayokwenda kinywani. Hata ile sauti ya maji yanapogugumia kwa pumzi ya mvutaji ilikuwa na jina: malio ya kiko. Johnson aliyasajili katika kamusi yake ya 1939, na humo ndimo nilimoyaokota mimi, niliyejisomesha kwa vitabu vya kuazima. Nikiyatia katika shairi, vijana huniuliza iwapo nimeyabuni.

Maneno hayo yalikuwa na kazi. Burton, aliyeingia Kazeh, penye Tabora ya leo, Novemba 1857, aliandika katika kitabu alichokitoa 1860 kwamba katika nchi za bondeni bangi ilipandwa mlangoni pa kila nyumba. Kwamba Waarabu waliivuta pamoja na tumbaku na Waafrika waliivuta pekee, katika viko vikubwa ambavyo bori lake lilimeza robo ratili. Bwana yule alikuwa mwepesi wa kudharau watu, lakini macho alikuwa nayo.

Nimepata kukaa Ng'ambo. Msomaji wa Unguja asidhani nasema Ng'ambo yetu. Nasema mtaa wa Tabora wenye jina hilo hilo. Jirani yangu huko alikuwa mama mmoja mjane, muuza karanga, ambaye mwanawe alikutwa na miche ya bangi katikati ya mihogo yake. Alihukumiwa miaka 30, kwa ile sheria ya dawa za kulevya ya 2015. Magari ya tumbaku kutoka Urambo hupita njia kuu mchana kweupe, na hakuna anayeyasimamisha kwa ajili ya moshi.

Ng'ambo ya tatu ni Edmonton, nchini Kanada, anakoishi mwana wa dada yangu. Kanada iliihalalisha bangi tarehe 17 Oktoba 2018, na katika jimbo lake la Alberta kila nyumba imeruhusiwa miche 4. Anayo yake, ndani ya kabati la nguo. Sikumwuliza kwa nini anaivuta. Hayo ni baina yake na mama yake, ambaye ameapa hatakanyaga nyumba hiyo. Nilimwuliza kwa nini kabatini, ilhali ana ua mpana nyuma ya nyumba.

"Mjomba," akajibu, "huku nje haiwahi."

Kumbe mmea huu hautaki joto tu, bali huhesabu usiku. Usiku ukiwa mfupi, hurefuka na kutoa majani. Usiku ukirefuka, ndipo unapotia maua. Edmonton, mwezi wa Juni, jua hukaa mbinguni saa 17. Usiku huanza kurefuka vya kutosha Agosti, na Septemba sakitu imeshaanguka, maua hayajakomaa. Basi watu huuingiza ndani na kuununulia jua: taa saa 18 kwa siku unapokua, kisha saa 12 za nuru na 12 za giza ili uchanue, wala mwanga usipenye ufa wa mlango.

Nilicheka peke yangu. Kumi na mbili kwa kumi na mbili! Hiyo ndiyo siku ya Tabora, iliyo nyuzi 5 kusini mwa ikweta, mwaka mzima, kwa tofauti ya dakika chache. Na ndiyo saa yetu ya Kiswahili, inayoamini kwamba jua litachomoza saa 12 na kuzama saa 12. Kule kwa mpwa wangu saa hiyo haina maana: Desemba jua huchomoza saa 3 kasorobo na kuzama saa 10 na robo. Lakini kabatini mwake imerejea. Nje theluji imefika dirishani, na mle ndani ni Unyanyembe.

Waswahili wenzake, wengi wao wakimbizi kutoka Kongo, walikuwa wanataka karatasi ya Kiswahili inayoeleza sheria: miche mingapi, mbegu zinunuliwe wapi, watoto walindwe vipi. Aliniomba niifasiri. Nikakaa nayo jioni tatu. Bangi katika Kiswahili cha leo imebakiwa na vitenzi vya mahakamani tu: kukamatwa, kukutwa, kuteketeza. Cha shambani hakuna. Ilinibidi nikope kwa wakulima wa tumbaku wa Tabora: kitalu, kupandikiza, kukata maua, kukausha. Bani niliiacha, maana kabati si bani.

Mama yule alinikuta barazani na karatasi zile. Hakujua kusoma, nikamweleza. Akauliza kama mmea wenyewe ni huu huu. Nikamwambia ni huu huu. Akauliza kama mpwa wangu ameajiriwa na serikali ya huko. Nikasema hapana, anaendesha gari la mizigo.

"Minne," akasema, kisha akahesabu kwa vidole. "Mwanangu walimkuta na sita."

Akaomba nimsomee tena kile kipengele cha miche minne, polepole, naye akakifuata neno kwa neno.